Wamehama au Wamehamishwa? Kiswahili na Maziwa ya Mabwawa

Wahenga walisema kuwa maji hufuata mkondo. Methali hii ni ya zama ambazo mkondo ulikuwa kazi ya Mungu, na binadamu aliyeishi kando yake alijua pa kujenga, pa kulima na pa kuzika. Karne ya ishirini ilileta uwezo wa kuusimamisha mto mzima kwa ukuta wa zege, na nyuma ya ukuta huo likazuka ziwa ambalo halikuwemo katika ramani wala katika masimulizi ya wazee. Afrika ya Mashariki sasa ina maziwa mengi ya aina hiyo. Makala haya hayana nia ya kuamua kama yalistahili kutengenezwa. Yanauliza swali ambalo mhandisi hawezi kulijibu, na ambalo linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili moja kwa moja: Je, Kiswahili kinayazungumzia maziwa haya kwa maneno ya nani? Dai la makala ni kwamba, hadi sasa, kinatumia maneno ya waliojenga ukuta. Na kwa kuwa Kaunti ya Kwale inajengewa bwawa kubwa katika Mto Mwache, wakati wa kulisahihisha jambo hili ni kabla ya maji kujaa.

Nuru ya Lunga Lunga

Swali hili linaonekana vizuri likitazamwa kutoka Lunga Lunga, mji wa mpakani ulio kwenye barabara kuu ya Mombasa na Tanga. Lunga Lunga haina ziwa la bwawa la umeme, ila ina taa. Taa hizo zinategemea gridi ya taifa ya Kenya, ambamo umeme wa jotoardhi wa Olkaria, wa upepo wa Turkana na wa maji ya Mto Tana huchanganyika pamoja. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 gridi hiyo imekuwa ikipokea pia umeme kutoka Ethiopia, ambako ukuta wa Gibe III umeuzuia Mto Omo, mto unaolilisha Ziwa Turkana. Kwa hiyo mwanafunzi anayedurusu usiku mjini Lunga Lunga anadurusu, kwa sehemu fulani, kwa nuru ya maji yaliyozuiwa katika mabonde ambayo hajawahi kuyaona, yenye watu asiowajua.

Mwanafunzi huyo akivuka mpaka na kuingia Horohoro, msamiati unabadilika ingawa lugha ni ile ile. Stima, neno ambalo hapo zamani lilikuwa jina la meli ya mvuke, linakuwa umeme, yaani mmweko wa radi. Kawi inakuwa nishati. Kile ambacho redio za Kenya hukiita kuzalisha umeme, Watanzania hukiita kufua umeme, kana kwamba mto ni chuma kilicho mbele ya mhunzi. Tofauti hizi hupendwa sana katika semina za isimujamii. Lisilosemwa ni kwamba pande zote mbili za mpaka zinafanana katika jambo moja: mtambo una jina na kipimo chake, ilhali waliokuwa wakiishi mahali palipo na maji leo hawana jina.

Wakazi wa Lunga Lunga na viunga vyake si wageni wa maji. Mto Umba unashuka kutoka milima ya Usambara nchini Tanzania, unapita katika eneo lao na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Vanga. Mvua ikizidi Usambara, Vanga yaweza kufurika hata kama mvua ya pwani ni haba. Kiangazi kikikaza, mifugo hupelekwa kwenye silanga, yaani vidimbwi vilivyochimbwa ili kuvuna maji ya mvua. Mdigo naye ana maneno yake: maji ni madzi, mto ni muho, ziwa ni ziya. Watu wenye ujuzi wa namna hii wana haki ya kuulizwa ziwa jipya liitweje na lisimuliwe vipi. Kwa kawaida hawaulizwi.

Jina moja kwa vitu viwili

Neno lenyewe "bwawa" linabeba mzigo mkubwa. Katika matumizi ya zamani ya pwani lilikuwa karibu na kinamasi: mahali penye maji yaliyotuama na matope. Serikali zilipohitaji jina la ujenzi unaozuia mto, zikalichukua neno hilo, na sasa linataja vitu viwili kwa pamoja, yaani ukuta na maji yaliyo nyuma yake. Mtu akisema kwamba bwawa fulani ni kubwa kuliko jingine, msikilizaji hajui kama anasifu urefu wa ukuta, wingi wa maji au nguvu za mitambo.

Utata huu si wa kileksia tu. Ukuta hujengwa, huzinduliwa, hupigwa picha na kupewa megawati. Maji huenea polepole juu ya mashamba, makaburi, njia za mifugo na miti ya dawa. Vitu hivi viwili vikiwekwa chini ya jina moja, sifa za ukuta hulifunika ziwa. Kila aliyesoma jiografia ya Kenya anaweza kuorodhesha mabwawa ya Mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Anajua pia kwamba Masinga lilikamilika mwaka 1981 na kwamba ndilo lenye hazina kubwa zaidi ya maji kati ya hayo matano. Lakini ni wangapi wanaoweza kutaja hata kijiji kimoja kilichokuwa katika bonde lile kabla ya mwaka huo?

Hali ni hiyo hiyo katika Mto Rufiji. Mradi wa Kufua Umeme wa Maji wa Julius Nyerere una mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115, na maji yalianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Korongo lililokuwa likiitwa kwa jina la mgeni, Stiegler, limehusishwa sasa na jina la Mwalimu, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, ziwa lenyewe, ambalo lilikusudiwa kuenea katika eneo linalozidi kilomita za mraba elfu moja, linaendelea kuitwa "bwawa" katika vinywa vya watu na katika magazeti. Ni ziwa kubwa kuliko mengi yaliyo katika atlasi za shule, nalo halina jina lake lenyewe kama ziwa.

Mfano wa kinyume upo. Mahali ambapo Mto Kikuletwa na Mto Ruvu hukutana na kuwa Mto Pangani, kaskazini mwa Tanzania, pana maji yaitwayo Nyumba ya Mungu. Ukuta wake ulijengwa katika miaka ya 1960 na uwezo wake wa umeme ni megawati 8 tu, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na cha Rufiji. Hata hivyo, mahali hapo pana jina linalosemeka na kukumbukika, na wavuvi walihamia huko kutoka sehemu mbalimbali hadi vijiji vikaota kandokando ya maji. Mtu anaweza kusema "natoka Nyumba ya Mungu" akaeleweka kuwa anataja kwao. Jina likiwa la mahali, watu wa mahali hapo nao huonekana.

Vitenzi vinavyoficha mtenda

Tatizo la pili limo katika vitenzi, na hapa mwanafunzi wa sarufi ana la kusema kuliko mtu mwingine yeyote. Kiswahili kimejaliwa mnyambuliko ambao unaweza kuonyesha kwa herufi chache nani ametenda na nani ametendewa. Kutoka mzizi mmoja wa hama tunapata hamia, hamisha, hamishwa, hamishiwa. Kati ya "wanakijiji wamehama" na "wanakijiji wamehamishwa" kuna tofauti ya silabi mbili tu, lakini ndani ya silabi hizo mna amri, mna fidia, mna kesi mahakamani. Anayehama amechagua. Anayehamishwa ana mtu wa kumdai. Ripoti au tangazo likisema kwamba wakazi "watahama kupisha mradi", kitenzi kimekwisha kutoa hukumu kabla ya mahakama, na neno "kupisha" limeongeza adabu juu yake, kana kwamba mradi ni mgeni aliyebisha hodi na wenyeji wakasogea kwa hiari.

Ndivyo ilivyo pia kwa mafuriko. Mvua zikizidi, kama ilivyokuwa mwaka 2018 na mwaka 2024, habari za Garissa na Tana River huja na sentensi fupi: "Mabwawa yamefurika." Ni kweli kwamba kuna nyakati maji hupita juu ya njia yake ya kumwagikia bila mkono wa mtu kugusa lango lolote, na hapo "yamefurika" ni neno la haki. Lakini kuna nyakati ambapo malango hufunguliwa kwa uamuzi wa ofisi fulani, kwa saa fulani, na kwa tahadhari iliyotolewa au isiyotolewa. Sarufi inayafahamu haya yote: malango yamefunguka, malango yamefunguliwa, wamefungua malango. Mwandishi anayechagua kauli ya kutendeka mahali pa kauli ya kutenda hajakosea sarufi, ila amemfuta mhusika. Aprili 2024, mafuriko yalipozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, mjadala mkali ulizuka kuhusu maji yaliyotoka katika bwawa jipya. Serikali ilieleza kuwa mvua zilikuwa kubwa kupita kiasi na kwamba bonde hilo lilifurika hata kabla ya bwawa kuwapo. Wasomaji wa Kiswahili walistahili kuufuatilia mjadala huo katika sentensi zinazosema wazi nani alifanya nini na lini, hata kama mwisho wake ungekuwa kwamba hakuna aliyekosea.

Kaya gani zitahama?

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Kwale. Katika Kiswahili cha serikali, hasa upande wa Tanzania, kaya ni jumla ya watu wanaoishi na kula pamoja. Ni neno la sensa. Kwa Mmijikenda, kaya ni makao ya asili ya wahenga wake, msitu mtakatifu ambamo mti haukatwi ovyo na ambamo wazee hukutana kwa dua na hukumu. Misitu hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, ikiwemo Kaya Kinondo ya Wadigo karibu na Diani na Kaya Mtswakara ya Waduruma.

Sasa na ifikiriwe ripoti inayotangaza kwamba "kaya kadhaa zitahamishwa". Afisa anamaanisha familia. Mzee wa Kiduruma anayesikia kwa sikio la kwao anasikia jambo jingine kabisa, kwa maana familia inaweza kuhamishwa kwa lori, ilhali kaya haihamishiki. Hili si kosa la afisa wala la mzee. Ni ithibati kwamba Kiswahili sanifu kimeliacha nje tabaka zima la maana lililokuwepo katika lugha za majirani zake wa karibu, na kwamba pengo hilo linaweza kumgharimu mtu ardhi na heshima yake.

Suala hili si la nadharia. Bwawa la Mwache linajengwa Kinango, katika nchi ya Waduruma, kwa ukuta unaokusudiwa kufikia mita 87.5. Lengo lake kuu ni maji ya kunywa ya Mombasa na Kwale, pamoja na maji ya kunyunyizia mashamba, na umeme haupewi nafasi ya kwanza kama ilivyo Masinga au Rufiji. Lakini kwa bonde linaloingia majini, tofauti hiyo haipo: maji ya umeme na maji ya mfereji hufunika makaburi kwa namna moja. Kwale tayari ilikuwa na uzoefu mdogo wa aina hii, kwani Mto Mukurumudzi ulizuiwa ili kuupatia maji mgodi wa titaniamu uliofanya kazi hadi Desemba 2024. Mwache ni kubwa kuliko hilo kwa mbali.

Waliookoa mawe na waliookoa wanyama

Historia ya nchi nyingine inaonyesha nini huokolewa na nini huachwa. Bwawa Kuu la Aswan lilipojengwa Misri katika miaka ya 1960, dunia ilichangishana fedha chini ya UNESCO, na mahekalu ya Abu Simbel yakakatwa vipande na kuinuliwa hadi mahali pa juu. Wanubi, ambao idadi yao katika Misri na Sudan ilikaribia laki moja, walihamishwa. Lakini Wanubi walifanya jambo moja ambalo wanafasihi wanapaswa kulitafakari: waliandika. Muhammad Khalil Qasim alichapisha riwaya yake, Al-Shamandura, mwaka 1968 kwa Kiarabu, na baada yake ukazuka mkondo mzima wa fasihi ya Wanubi kuhusu nchi iliyozama.

Kariba inasimulia upande mwingine. Ziwa hilo la Mto Zambezi lilianza kujaa mwishoni mwa mwaka 1958, na Watonga wapatao 57,000 wa kingo zote mbili walilazimika kuondoka. Katika upinzani wa mwaka huo, Watonga wanane waliuawa kwa risasi za askari wa serikali ya kikoloni. Mamia ya waandishi wangeweza kulisimulia tukio hilo, lakini lililovuma duniani ni uokoaji wa wanyama walionasa visiwani, ulioitwa Operesheni Nuhu. Safina ilikuwepo, na aliyekuwa na nafasi ya kwanza katika habari alikuwa swala. Maisha ya Watonga yaliandikwa kwa makini na wanaanthropolojia wa kigeni, Elizabeth Colson na Thayer Scudder, walioanza utafiti wao mwaka 1956, kabla ya maji kuja. Kazi yao ni ya kuheshimiwa. Lakini inaacha swali: kwa nini awe mgeni kutoka ng'ambo ndiye anayefika bondeni mapema?

Fasihi ya Kiswahili imeandika mengi kuhusu bahari, na maziwa ya asili nayo yamepata nafasi. Kezilahabi alikipa kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Victoria, maisha ya kudumu katika Rosa Mistika. Ziwa la bwawa bado halijapata nafasi inayolingana na ukubwa wake katika maisha ya watu. Kiswahili kina neno zuri la mahali palipohamwa, mahame, na jingine la mji uliobaki magofu, ganjo. Pwani nzima, kutoka Gedi hadi Kilwa, imejaa maganjo ambayo mtu anaweza kuyatembelea na kuyasomea dua. Mahame yaliyo chini ya maji hayatembelewi. Yakikosa maneno, yamekosa kila kitu.

Pingamizi na wajibu

Wapo watakaosema kwamba haya ni anasa ya wasomi. Kwale ina kiu, Mombasa ina kiu, na mtoto anayesoma kwa koroboi hahitaji mhadhara kuhusu kauli ya kutendeka. Pingamizi hili lina uzito na halipaswi kudharauliwa. Umeme na maji ni haki, na hakuna lugha iliyowahi kuzima kiu. Lakini kusema wazi hakuzuii bomba lolote. Anayeamini kwamba mradi ni wa haki hana sababu ya kuogopa kitenzi kinachomtaja mtenda.

Wengine watasema kwamba Kiduruma na Kidigo vina wataalamu wake, na kwamba idara za Kiswahili zisivuke mipaka. Jibu ni kwamba Kiswahili hakikukua kwa kujifungia. Kilikua kwa kuchota kwa majirani, na Mijikenda ni jirani wa damu. Msamiati wa maji, udongo, mvua na maziko ulio katika bonde la Mwache ni hazina ambayo Kiswahili sanifu kinaihitaji, na wenye msamiati huo wengi wao ni wazee.

Kuna kazi tatu zilizo ndani ya uwezo wa chama cha wanafunzi, bila kusubiri ufadhili mkubwa. Ya kwanza ni kutenganisha majina: bwawa libaki kuwa jina la ukuta na mitambo, na maji yaitwe ziwa, yapewe jina linalotokana na mahali na watu wake. Waandishi wa habari na watunzi wa vitabu vya shule wengi wao hutoka katika idara hizi hizi, hivyo mazoea yanaweza kubadilika ndani ya kizazi kimoja. Ya pili ni kuzisoma ripoti, matangazo na habari za mabwawa kama matini, kwa zana zile zile za isimu na uhakiki zinazotumiwa kwa riwaya na tamthilia. Tasnifu ya umahiri kuhusu kauli za vitenzi katika habari za mafuriko ya Tana ingekuwa na faida kwa mkulima na kwa msomi. Ya tatu, na ya haraka zaidi, ni kwenda bondeni. Majina ya vilima, ya vivuko, ya mashamba na ya visima vya Mwache yanapaswa kurekodiwa kwa sauti za wenyewe, pamoja na nyimbo, vitendawili na masimulizi yanayofungamana na mahali hapo. Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Kinachohitajika ni adabu ya kubisha hodi, ruhusa ya wazee, na ahadi ya kurudisha nakala kwa wenyewe.

Bonde haliwezi kufanyiwa utafiti wa uwandani likiwa chini ya maji. Wanafunzi wa Kiswahili wa Pwani, wawe wa Lunga Lunga, Msambweni au Kinango, wako umbali wa safari ya siku moja tu kutoka Mwache. Wakienda sasa, ziwa litakapojaa litakuwa na jina, na mjukuu wa Mduruma atakayesimama ukingoni mwake ataweza kusema, kwa Kiswahili kisichoficha kitu, nani aliishi pale, nani aliwahamisha na walipelekwa wapi.